Siku Tano Nyuma ya Gurudumu Lake

Wanafunzi wake walimwita Breki, na hawakukosea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kiti cha abiria katika gari la shule ya udereva, gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na mguu wake ulikuwa haubanduki kwenye hiyo ya kwake hata gari likiwa limezimwa. Nyumbani, akitazama mpira kwenye televisheni, mguu ulikanyaga sakafu kila mshambuliaji alipokaribia goli. Mama wa binti yake, enzi zile walipokuwa bado wanaishi pamoja, aliwahi kulalamika kwamba kulala kitanda kimoja na mwalimu wa udereva ni kupigwa teke kwenye kila kona anayoiota.

Walikuwa wameachana mwaka wa nne sasa, bila matusi. Yeye alibaki kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa mafunzo. Mama, ambaye ni mkunga, alipanga mtaa wa pili, na binti yao wa miaka kumi na mitano akawa na mswaki huku na mswaki kule. Mambo yangekwenda hivyohivyo mpaka binti amalize shule, kama mkunga asingeletewa barua ya uhamisho. Hospitali mpya ilikuwa mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huko hakuna mtoto anayeweza kwenda na kurudi kila wiki.

Wakakaa watatu mezani kwa mkunga, wakalizungumza kiutu uzima. Binti si mtoto mdogo, achague mwenyewe akae na nani. Apewe likizo yote afikiri, na jibu alitoe kabla shule hazijafunguliwa. Wazazi nao wakapeana ahadi mbele yake: hakuna kumvuta, hakuna kumlilia, hakuna kumhonga kwa simu mpya. Mkunga alipofika hapo alimkazia macho mwenzake, kwa sababu anamjua.

"Na usiende kumjaza maneno njiani," alimwambia.

Njiani, kwa kuwa ilikuwa imeshapangwa kwamba baba na binti watasafiri kwa baiskeli. Binti alikuwa ameiomba safari hiyo tangu ana miaka kumi na miwili, na kila mwaka Breki alikuwa na sababu zake tayari: malori, mashimo, mbwa, madereva ambao yeye mwenyewe aliwafundisha na anajua walivyo. Mwaka huu alikubali kabla binti hajamaliza sentensi. Tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Alitaka binti abaki naye, alitaka hivyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na hakuruhusiwa kulisema. Akajiambia kwamba siku tano barabarani zitasema kwa niaba yake. Wangekwenda kilomita mia mbili na arobaini mpaka mji anakoishi mama mkubwa wa binti, na mkunga angekuwa anawasubiri pale na mizigo yake, akiwa njiani kwenda kwenye kazi mpya. Hapo binti angetoa jibu.

Siku ya kwanza Breki alikaa nyuma. Ndipo mahali pake, alieleza, mtu wa nyuma anaona vyote. Basi aliona vyote na vyote akavisema. Kaa pembeni. Shimo. Badilisha gia. Gari nyuma. Punguza. Usitazame pedali. Punguza, nimesema. Madereva wa malori walikuwa wakimpungia mkono wakidhani anaimba. Saa saba mchana walipokaa kwenye kibanda cha chai, binti alimenya chungwa lake taratibu, akamwambia kwamba tangu asubuhi amesema "punguza" mara sabini na moja.

"Umehesabu?"

"Nilikuwa sina kitu kingine cha kusikiliza, baba."

Breki alicheka mpaka chai ikampalia. Binti naye akacheka, akamwomba mchana huo ajaribu kupumzisha koo japo kidogo. Alijaribu kweli, akaweza kilomita nne. Lakini ilikuwa siku nzuri. Walifika nyumba ya wageni jua likiwa bado juu, wakafua soksi zao kwenye ndoo moja, na binti alimsimulia habari za rafiki yake aliyenyoa nyusi kwa bahati mbaya. Alikuwa anaongea huku mikono ina povu, na baba yake akawaza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Siku ya pili ikaharibu. Kulikuwa na mteremko mrefu wenye kona mwishoni, na binti alikuwa anateremka vizuri tu, mgongo umelala, vidole viko kwenye breki. Mbele kulikuwa na shimo la upana wa beseni. Alikuwa ameliona. Alikuwa ameshaanza kulikwepa. Breki, mita ishirini nyuma, alikanyaga hewa kwa mguu wake wa kulia mpaka pedali ikamponyoka, na kwa sauti ile inayosimamisha wanafunzi katikati ya njia panda akapiga ukelele: "Breki!"

Binti akashtuka, akabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikasimama, yeye hakusimama. Alitua kwa kiwiko na goti, akaburuzika hadi kwenye nyasi.

Hakuvunjika kitu. Breki alimwosha vidonda kwa maji ya chupa, na wakati wote huo binti hakulia. Alingoja mpaka plasta ya mwisho ibandikwe.

"Nilikuwa nimeliona shimo," alisema. "Nimeanguka kwa sababu umepiga kelele. Naomba uache kunikosoa, baba. Naomba sana. Kama huniamini, kwa nini tulikuja?"

Aliona haya kweli, haya ya kuchoma masikio. Mtoto alikuwa anasema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umebandikwa plasta mahali pawili. Alisema samahani, akanyoosha usukani uliopinda, wakaenda. Mpaka wanafika walikolala alikuwa ameshakata shauri.

Hapa lazima kazi ya Breki ieleweke, maana bila hiyo mtu atamwona mjinga, na mjinga hakuwa. Mwanafunzi anapoanza, mwalimu anaongea bila kituo. Wiki zinakwenda, maneno yanapungua. Halafu inafika siku moja, bila kutangazwa, Breki anauondoa mguu kwenye ile breki yake, anaukunja chini ya kiti, anakunja mikono, anakaa kimya. Haongei kabisa. Mwanafunzi akitaka kumwambia kitu, anampa ishara ya kiganja kuelekea mbele: endelea. Katika shule ile kila mtu anajua maana yake. Walioanguka mtihani mara tatu wamewahi kutokwa machozi ya furaha kwenye usukani siku Breki alipokuwa bubu. Wakirudi uwanjani wenzao wanawauliza kwa mbali, amenyamaza? Amenyamaza! Basi wanapigiwa makofi. Breki hajui sifa nyingine na hajawahi kuhitaji nyingine. Kusema "vizuri sana" anawaachia walimu vijana.

Binti yake hakuwahi kupanda gari lile. Breki alikuwa na msimamo, gari la shule si la kubebea familia. Kwa hiyo katika watu wote waliowahi kuendesha chombo mbele ya macho yake, ni yeye peke yake asiyejua.

Siku ya tatu asubuhi Breki alipanda baiskeli yake na kutia kufuli mdomoni.

Mwanzoni ilimtesa. Ulimi ulikuwa ukimwasha kila walipopitwa na lori. Lakini kufikia saa nne alisahau mateso, kwa sababu mbele yake kulikuwa na jambo la kutazama. Binti, na goti lake lililovimba, alikuwa anaendesha kama mtu aliyezaliwa kwenye siti. Alishika mstari wake. Alitazama nyuma kabla ya kupita mkokoteni, akatoa mkono, akapita, akarudi. Walipofika kwenye mlima mkubwa wa safari nzima, kilomita sita za kupanda bila pumziko, alishusha gia mapema, mapema kuliko ambavyo Breki angemwambia, na Breki akatambua kwamba mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Alimtazama akipanda kona baada ya kona, shati limeloa mgongoni, bila kusimama, bila kushuka hata mara moja. Yeye mwenyewe alishuka mara mbili akijifanya anakaza kamba za mzigo. Moyo wake ulikuwa umejaa. Hakuwahi kujivunia mtu namna ile, na alikuwa akimwambia hivyo kwa njia kubwa kuliko zote anazozijua, yaani alikuwa amefunga mdomo.

Kileleni binti alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe la kilomita, akamgeukia. Uso wote ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Baba," alisema, akihema. "Kuna kitu nataka..."

Breki alimpa ishara. Kiganja, kuelekea mbele. Endelea.

Binti alibaki ameduwaa kidogo. Kisha akafunga chupa yake ya maji, akapanda, akateremka upande wa pili. Breki alimfuata akiwa amevimba kichwa, akiwaza kwamba sasa mtoto amejua.

Jioni ile binti aliongea kidogo, na Breki akaona ni uchovu. Alikula, akamuuliza kama kesho watatoka saa kumi na mbili au saa moja. Breki akanyanyua mabega kwa maana ya kwamba apange yeye, aliye kiongozi wa msafara. Binti alimtazama, akasema saa moja, akaenda kulala.

Siku ya nne ilinyesha mvua ya manyunyu, ile isiyolowesha lakini haikatiki. Karibu na saa sita tairi la nyuma la binti likapata pancha. Siku mbili nyuma Breki angekuwa ameshapiga magoti na tyubu iko mkononi kabla baiskeli haijasimama. Sasa alijikaza kisabuni. Alikaa juu ya ukingo wa mtaro, akaitia mikono yake yote miwili mfukoni ili isimponyoke, akatazama. Binti alimsubiri kidogo. Alipoona hatoki pale, akaigeuza baiskeli miguu juu, akatoa gurudumu, akavuta tyubu, akatafuta tundu kwenye dimbwi la barabarani. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaihesabia mpaka ikakauka, akabandika kiraka. Halafu akaanza kurudisha tairi.

Alikuwa amesahau kutafuta mwiba. Breki alijua, na kila mfupa mwilini mwake ulijua. Usipopapasa ndani ya tairi, mwiba uleule utatoboa kiraka kilekile kabla ya kilomita moja. Aliuma meno, akavifinya vidole mfukoni. Na binti, tairi nusu limeingia, akasimama. Akafikiri. Akalitoa tena, akapitisha vidole ndani pole pole mpaka akaupata, akauchomoa, akautazama na kuutupa.

Breki alilazimika kugeuka. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka kumharibia mtoto mtihani wake. Akasimama akitazama shamba tupu la ng'ambo kwa muda mrefu kuliko shamba lile lilivyostahili, na binti akawa anatazama mgongo wake.

Alipogeuka, gurudumu lilikuwa limerudi mahali pake. Binti alikuwa anafuta gundi vidoleni kwa majani.

"Baba, nikuulize. Wewe unataka nini? Kuhusu mimi."

Swali lilikuwa limetua pale, katikati ya barabara. Akaikumbuka ahadi aliyotoa mezani. Na juu ya ahadi, kazi. Siku ya mtihani mwalimu hasemi, akisema neno moja tu mwanafunzi anafelishwa.

"Uamuzi ni wako, mama," alisema, kwani alimwita mama tangu binti alipozaliwa na kupewa jina la bibi yake mzaa baba. "Mimi sisemi kitu."

Binti akaitikia kwa kichwa. Breki alijisifu kwa jibu lile kilomita ishirini na tatu zilizobaki. Hakumvuta. Hakumjaza maneno. Mkunga mwenyewe angekuwepo angempa mkono. Walipofika walikolala binti alitoka uani na simu, akaongea na mama yake kwa sauti ya chini, na Breki akaenda upande wa mbele wa nyumba ili asisikie, akajisifu na kwa hilo pia.

Siku ya tano walifika mapema. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na mlango usiofungwa. Aliwakumbatia wote wawili na matope yao, akampeleka binti bafuni, akampa Breki taulo akangojee zamu. Mkunga alikuwa kwenye kochi amezungukwa na masanduku. Alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za njiani. Breki akamjibu kwamba safari ilikuwa nzuri, mtoto ni dereva. Akasikia anavyolitamka neno hilo, akatamani angekuwepo mtu wa shuleni kwake alielewe.

Binti alitoka kichwa kimefungwa kitambaa. Hakuketi.

"Nitakwenda na mama," alisema.

Mama mkubwa alisema vema, alichagua mwenyewe, Mungu amtangulie. Breki alisikia masikio yake yakivuma, na kwenye mvumo huo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema sawa, mama, ni uamuzi wako. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kuosha baiskeli, kwa sababu zilikuwa na matope, na kwa sababu mtu hawezi kuulizwa kitu akiwa ameshika brashi.

Alikuwa anasugua mnyororo wa baiskeli ya binti mkunga alipomfuata. Alisimama karibu na bomba, akayafunga maji.

"Ulimfanya nini huyu mtoto?"

"Sijamfanya kitu. Nilishika ahadi. Sikumwambia hata neno."

"Mimi nimepanga chumba kimoja kule," mkunga alisema. "Cha mtu mmoja. Kitanda kimoja, kabati moja. Unajua kwa nini? Usiku wa kuamkia safari yenu aliniambia atabaki na wewe. Alilia, mimi nikalia, yakaisha. Akaniomba nisikuambie. Alitaka akuambie mwenyewe njiani, mkifika juu ya ule mlima, akuone utakavyofurahi. Jana ananipigia simu ananiambia, mama, baba hanitaki, amechoka na mimi, siku mbili haongei na mimi. Nikasema haiwezekani. Akasema nimemuuliza, amesema hasemi kitu."

Breki alibaki amechuchumaa. Brashi ilikuwa bado mkononi na maji meusi yalikuwa yakimtiririkia hadi kwenye kiwiko. Aliuona mlima. Aliuona uso wenye jasho na mdomo uliofunguka, akakiona na kiganja chake mwenyewe, kikubwa, kikiuambia uende mbele. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kuizoea, na hakukuwa na mtu mwingine wa kugawana naye chuki hiyo.

Alimkuta binti chumba cha ndani, anakunja nguo zake chafu na kuzitia kwenye mfuko. Akabaki mlangoni. Hakujua aanzie wapi, akaanzia popote.

"Mimi nikinyamaza ina maana mtu anaendesha vizuri," alisema. "Wanafunzi wangu wanajua. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unaendesha vizuri, mama. Siku zote mbili. Na ule mkono kule juu, ule ni... tunawapa waliofaulu."

Binti aliendelea kukunja shati lilelile.

"Mimi si mwanafunzi wako, baba. Ningejuaje?"

"Uliniomba ninyamaze."

"Nilikuomba uache kunikosoa. Sikukuomba uache kuongea na mimi. Nilidhani umekasirika kwa sababu nilikujibu vibaya nilipoanguka. Nikasema atatulia. Nikapanda ule mlima wote nikisema nikifika juu nitamwambia, atasahau. Halafu ukanifukuza na mkono." Akalitupa shati kwenye mfuko. "Jana nikakuuliza wazi. Ukasema husemi kitu."

"Nilikuwa nimeahidi kutokukuvuta."

"Mama naye aliahidi. Hakunivuta. Aliniambia tu kwamba nikibaki atalia mwezi mzima, halafu atazoea. Wewe ulishindwa kuniambia hata hilo?"

Breki akaingia ndani, akakaa kitandani, mahali ambapo palikuwa na soksi.

"Nataka ubaki," alisema. "Nataka ubaki na mimi. Nilitaka tangu siku ile ya mezani. Nilitaka kabla ya hapo."

Binti alimtazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anamtazama kama anavyotazama barabara kabla ya kuivuka.

"Unasema hivyo sasa kwa sababu mama ameshakuambia."

Ilikuwa kweli kwamba mkunga ameshamwambia, na ilikuwa kweli kwamba alimtaka binti yake tangu mwanzo, na hakukuwa na njia yoyote duniani ya kuitenganisha kweli moja na nyingine ili mtoto aone ipi ilianza. Jana, juu ya ukingo wa mtaro, maneno yaleyale mawili, nataka ubaki, yangetosha. Leo hata angeyasema mpaka koo likauke, yangekuwa maneno ya mtu aliyepewa majibu ya mtihani kabla ya kuingia.

"Nitakuja likizo," binti alisema, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwingine kushuka ngazi. "Nimeshamwambia mama. Amepiga simu kule, anatafutiwa chumba kikubwa. Sitaki kubadilisha kila siku, baba. Nimechoka kuamua."

Asubuhi gari la kukodi lilikuja kuchukua masanduku. Breki angerudi kwa basi na baiskeli zote mbili juu, maana kule binti alikokuwa anakwenda hapakuwa na mahali pa kuiweka. Dereva alikuwa anapanga mizigo kwa fujo, na mkunga akawa anabishana naye juu ya sanduku la vyombo. Binti alisimama kando ya ukuta akingoja, plasta ya kiwiko imeshaanza kubanduka.

Breki alimwendea. Akaanza kuongea, na alipoanza hakuweza kuacha. Alimwambia habari za mteremko wa siku ya pili, kwamba mgongo wake ulikuwa umelala vizuri na kosa halikuwa lake. Alimwambia kuhusu ule mkokoteni, alivyotazama nyuma kwanza, alivyotoa mkono, jinsi alivyopita. Alimwambia kwamba kwenye mlima alishusha gia mapema na yeye mwenyewe angechelewa, kwamba kamba za mzigo hazikuwa zimelegea, alikuwa ameishiwa pumzi akaona aibu kusema. Alimwambia kuhusu mwiba, alivyoujua na alivyofinya vidole mfukoni, na kwamba alipogeukia lile shamba alikuwa analia kwa furaha. Alisema yote aliyoyaona kwa siku tano akiwa nyuma yake, kilomita kwa kilomita, hakuacha hata kona moja. Alisema na "vizuri sana." Alisema mara nyingi.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema asante, baba, akamkumbatia, akaenda kumsaidia mama yake kuingiza sanduku la vyombo.